Nimeshakwenda chuo kwa siri, na nina miaka 69

SWALI

Kwako mshauri,

Salamu kutoka Portland, Maine. Mimi ni mama wa miaka 69, mjane, mzaliwa wa Uvira. Nilifundisha shule ya msingi miaka 17, nina D6 yangu, yaani cheti cha ualimu cha kwetu. Vita vilipoingia mwaka 1996 tukavuka ziwa mpaka Kigoma, na kambini Nyarugusu nikashika chaki tena kwa miaka karibu 20. Kiswahili ninachokuandikia nimekiokota huko Kasulu; cha nyumbani usingekielewa chote. Huku Marekani nilikuja na mwanangu wa pili, mke wake na watoto. Nina wajukuu watatu hapa, wananiita Koko. Wawili wanakwenda shule. Mdogo anatimiza miaka mitatu mwezi wa tisa, na huyo ndiye anayenifunga nyumbani.

Mwanangu anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, mchana analala. Mkaza mwana wangu anasafisha vyumba hotelini. Jumamosi na Jumapili yuko kazini, siku yake ya kukaa nyumbani ni Jumatano. Mimi napika, nashinda na mdogo, nawapokea wale wawili wanaposhushwa na basi la shule. Silalamiki. Ndiyo kazi ya bibi.

Kilichonileta kwako ni hiki. Kila Jumanne jioni nakwenda maktaba kujifunza Kiingereza. Anayetufundisha ni mama wa hapahapa, anajitolea tu, ana miaka 79, mgongo umeinama lakini kichwa kiko wima. Siku moja tulikuwa na zoezi la kutaja ratiba ya juma. Nikamuuliza, Jumatano unafanya nini? Akasema, "Nakwenda shule." Nikamsahihisha kwa adabu: unakwenda kufundisha. Akasema hapana, nakwenda kusoma, chuo kikuu. Juma lililofuata akaniletea kijitabu cha masomo yao, ya watu wazima wa kuanzia miaka 50.

Nilikisoma usiku na kamusi. Falsafa ya Wagiriki. Ndege wa pwani. Muziki wa opera. Namna meli za mbao zilivyokuwa zinaundwa huku zamani. Na somo moja la Afrika baada ya ukoloni. Hapo kidole changu kikasimama. Kongo inapata uhuru mwaka 1960 mimi nilikuwa na miaka minne, na ninakumbuka mabega ya baba, maana alinipandisha juu nione watu. Nani huyo atakayewaeleza wazee wa Maine habari ile, na mimi nimekaa namenya viazi?

Nikamwambia mwanangu chakula cha jioni, kabla hajaenda kazini, kwamba nataka kwenda kusoma pale kila Jumatano asubuhi. Alicheka. "Mama, sasa hicho cheti utakipeleka wapi?" Halafu akauliza bei, akasema hiyo ni nusu ya pesa tunayomtumia shangazi Uvira kila mwezi. Mkaza mwana hakutia neno. Lakini usiku ule vyombo vilioshwa kwa kelele mpaka mtoto akaamka. Kanisani nako nilimdokezea mama mmoja wa kwaya, akaniambia mwenzangu, tumeletwa huku kuwalea hawa watoto, wewe unatafuta nini tena?

Sasa ubaya wangu. Yule mama wa maktaba alinialika siku moja niketi nione. Jumatano. Nyumbani nikasema nina mkutano wa akina mama kanisani. Nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikapanda basi.

Mshauri, nilikuta watu kama ishirini, vichwa vyote vyeupe, wameketi kuzunguka meza. Mwalimu mwenyewe mzee, ameketi katikati yao, wanamwita kwa jina lake la utoto kama wanaita mjukuu. Hakuna aliyeita mahudhurio. Hakuna daftari lililokaguliwa. Bwana mmoja alisinzia waziwazi, kidevu kifuani, halafu akaamka akauliza swali lililowashinda wote. Mimi sikusema lolote. Mama mmoja aliniuliza jina, nikajikuta nimesahau hata jinsi ya kulitamka kwa Kiingereza. Lakini nilipofika kituo cha basi nilikuwa nalia, wala si kwa huzuni.

Kijitabu nimekificha jikoni, chini ya mfuko wa unga wa muhogo, maana unga ule naugusa mimi peke yangu.

Nakuuliza: pale ni mahali pa mtu kama mimi, asiye na digrii, na Kiingereza kinachochechemea? Pesa nitaitoa wapi bila kumnyang'anya ndugu aliyebaki? Na huu uongo wa kanisani nitautoaje? Mwanangu hajawahi kunishika na uongo tangu nimzae.

Mwalimu Koko, Portland

JIBU

Shikamoo Mwalimu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikimaliza narudi kwenye neno moja ulilolipita mbio. Jumatano.

Umekwenda kumwomba ruhusa mwanao. Mwanao saa ya darasa amelala, ametoka kazini alfajiri, darasa halimgusi hata unywele. Anayeguswa ni mkewe, mkaza mwana wako. Yeye ana siku moja tu katika juma ambayo hainami kutandika kitanda cha mgeni, na siku hiyo ndiyo uliyoitangaza mezani kuwa utatoka asubuhi. Wewe ulitaja chuo. Yeye alisikia kwamba asubuhi pekee ya kujinyoosha sasa atakuwa na mtoto mgongoni. Vyombo vile, Mwalimu, huenda havikuwa vinakusema wewe na masomo yako hata kidogo. Sikulaumu. Tumelelewa kupeleka jambo kubwa kwa mtoto wa kiume halafu habari inashuka kwa wengine kama amri. Lakini hapa umegonga mlango usio wenyewe, na aliyekuwa nyuma ya mlango wenyewe hajaulizwa mpaka leo.

Hilo tuliweke kando kidogo, nitalirudia. Kwanza nikujibu swali la mahali penyewe, maana naona hapo nyumbani hakuna anayejua ni kitu gani kinachobishaniwa.

Mahali ulipokwenda, kwa maelezo yako, panaitwa Osher Lifelong Learning Institute, wenyewe wanafupisha OLLI na kutamka "Oli". Hiki cha Chuo Kikuu cha Southern Maine kilianza mwaka 1997 kwa jina la Senior College. Mwaka 2001 tajiri mmoja, Bernard Osher, kupitia taasisi yake, akakipa fedha na jina, kikawa cha kwanza. Leo viko zaidi ya 120 katika vyuo vya Marekani, na mfano uliigwa kutoka hapo Portland unapopandia basi. Osher mwenyewe ni mtoto wa Biddeford, mji wa viwanda vya nguo ulio kusini yenu kidogo. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, wenye duka la mabomba na misumari. Kwa hiyo mtu akikuambia pale si mahali pa mtoto wa mhamiaji, mwambie akasome kibao cha mlangoni.

Mwanao aliuliza cheti utakipeleka wapi. Jibu ni kwamba hakuna cheti. Hakuna mtihani, hakuna alama, hakuna kufaulu wala kufeli. Somo huchukua majuma kadhaa, mara moja kwa juma, kama saa mbili kila kipindi, na likiisha limeisha. Wanaofundisha wengi hawalipwi. Ni wastaafu, na wengine ni wanachama wenyewe. Wiki hii mtu anafundisha historia ya bandari, wiki ijayo yuko kwenye kiti cha nyuma anafundishwa mashairi na jirani yake. Ndiyo maana hukuona mtu anaita mahudhurio. Wewe uliyeita majina ya watoto sitini kila asubuhi, mahali pasipo na daftari la mahudhurio lazima pakutoe machozi.

Na hapa nikupe jambo ambalo nadhani litakukaa. Unajua hii habari Marekani ilianzishwa na nani? Na walimu wa shule waliostaafu. Mwaka 1962, mjini New York, kundi la walimu wastaafu wa shule za serikali liliona kinachotolewa kwa wastaafu hakiwatoshi, wakakataa. Wakaenda chuo cha New School wakaomba vyumba, na wakasema tutafundishana wenyewe. Miaka kumi na moja baadaye, 1973, mwanasheria Pierre Vellas akafungua huko Toulouse, Ufaransa, kile ambacho wewe kwa Kifaransa chako utakitambua kwa jina tu: Université du troisième âge. Chuo kikuu cha umri wa tatu. Wa kwanza ni wa kukua, wa pili ni wa kazi na kulea, wa tatu ni huu wako. Toulouse walikuwa na maprofesa juu na wazee chini. Waingereza walipolichukua wazo hilo Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakalipindua: hakuna profesa, wanachama ndio walimu na ndio wanafunzi. Huko Maine wamechanganya yote mawili, chumba ni cha chuo kikuu na mwalimu ni mwenzenu.

Kwa hiyo swali lako kwamba je, ni mahali pa mtu kama wewe. Mlangoni hawaulizi digrii, wanauliza umri. Ila sitakudanganya. Ukiingia utakuta wengi ni walimu, madaktari, wanasheria na wauguzi waliostaafu, na karibu wote ni weupe, maana ndivyo Maine ilivyo na ndivyo madarasa haya yalivyo nchi nzima. Siku nyingi utakuwa wewe peke yako mwenye kitenge. Kuna mtu hilo humchosha, na kuna mtu halimshughulishi. Wewe umekaa kambini miaka 20, wewe ndiye unayejua mgongo wako unabeba nini.

Kiingereza je? Kwanza, maktaba usiache. OLLI si darasa la lugha, na ukienda pale ukitarajia kufundishwa sarufi utarudi umeudhika. Lakini Kiingereza cha mtu aliyesoma kijitabu kizima na kamusi hakichechemei kiasi unachodhani. Na kumbuka unaongea na nani: nusu ya meza ile wana vifaa masikioni. Watakuomba urudie mara mbili, mara tatu, na watamwomba hivyohivyo mwenzao aliyezaliwa mtaa wa pili. Usiliweke moyoni kama ni lafudhi. Ni betri.

Kisha una kitu ambacho wengi wenu hapo Maine hamjui kwamba ni mtaji. Una Kifaransa. Wazee wengi wa Biddeford na Lewiston ni wajukuu wa watu waliotoka Québec kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo, na nyumbani walilelewa kwa Kifaransa. Mwaka 1919 jimbo lilipitisha sheria kwamba shule za umma zifundishe kwa Kiingereza tu, na sheria hiyo ikadumu mpaka miaka ya 1960. Kuna watu wa umri wako na zaidi ambao shuleni waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama yao, wakaificha, wakazeeka nayo bila mtu wa kuzungumza naye. Halafu wakaanza kuwasikia Waafrika sokoni wanaongea Kifaransa. Ukikaa mezani jaribu kusema bonjour, uone nani atageuza shingo. Inaweza kuwa yule bwana aliyesinzia.

Suala la majina: najua lilivyokukera, ijapokuwa umeliandika kwa kucheka. Mtu wa miaka 80 unamwitaje "Bob", mdomo unakataa. Usiulazimishe mdomo. Wenyewe hawaoni ni dharau, kwao ndiyo usawa wa meza ile, lakini si lazima usawa wao ukuvue heshima yako. Wakikuuliza jina, waambie: Mwalimu. Waeleze maana yake. Watakuita hivyo mpaka mwisho wa msimu na watafurahia kulitamka.

Sasa tahadhari, na hii hukuiuliza. Watakapojua ulikotoka, watakuomba usimulie. Vita, ziwa, kambi. Watauliza kwa moyo mwema kabisa, na yule wa somo la Afrika baada ya ukoloni ndiye atakayeuliza wa kwanza, maana atakuwa amepata kitabu kinachotembea. Unayo haki ya kukataa. Ulisema kilichosimamisha kidole chako ni mabega ya baba yako mwaka 1960, na hilo ni jambo la kusimulia ukitaka, kwa siku unayoitaka. Lakini usikubali kuwa shahidi wa kila Jumatano. Na ikikupendeza zaidi kwenda kusoma ndege wa pwani kuliko kwenda kusikiliza habari za Kongo kutoka kwa mtu aliyezisoma, nenda kwa ndege. Ningekuwa wewe ndiko ningeanzia. Umefundisha maisha yako yote mambo ambayo wizara iliyapanga. Jipe somo moja lisilo na faida yoyote.

Baadaye, ukishazoea, kituo hicho kina njia ya mwanachama kupendekeza somo lake. Kiswahili cha Uvira na cha Kigoma, vinavyopishana na vinavyoshikana, kwa majuma manane: naona mtu atakaa kuwasikiliza. Lakini usikimbilie. Kaa misimu miwili ukiwa mwanafunzi kwanza.

Pesa. Hapa mwanao ana hoja, na usimwone mchoyo. Mtu anayelala mchana ili usiku ageuze wazee wa watu kitandani, kila dola anaijua jina. Kwa hiyo usiende mezani na bei, nenda na jibu. Vituo vingi vya OLLI vina mfuko wa kuwasaidia wasioweza ada. Pita ofisini kwao, uliza neno scholarship, yaani msaada wa ada, usione haya. Ada yao wamekusudia iwe ndogo kwa sababu walimu hawalipwi. Na kama kuna kiasi kinachobaki, kitoke kwenye pesa yako ya uzeeni, kama unaipata, inayoingia kila mwezi na kumezwa na chungu cha nyumba, siyo kwenye fungu la shangazi. Fungu la Uvira lisiguswe, na useme hivyo kwa sauti, maana hilo ndilo litakalomtuliza.

Lipo jambo lingine ambalo watu hulichanganya na hili. Chuo Kikuu cha Maine, mfumo wote wa jimbo pamoja na Southern Maine, kinawasamehe wakazi wa jimbo wenye miaka 65 na zaidi ada ya masomo ya shahada ya kwanza, nafasi ikibaki darasani. Hayo ni masomo kamili, pamoja na vijana wa miaka 19, na mtihani ukitaka. Gharama ndogondogo huweza kubaki, ulizia kabla ya kutia sahihi. Nakutajia ili ujue mlango upo. Ila kwa Kiingereza ulicho nacho leo, na mtoto wa miaka miwili mgongoni, mimi ningeanza na meza ya wazee.

Mtoto huyo ndiye fundo lenyewe, turudi kwake. Umesema mwezi wa tisa anatimiza mitatu. Ipo programu ya serikali kuu inayoitwa Head Start, shule ya awali ya bure kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano wa familia zenye kipato kidogo, na familia nyingi za wakimbizi zinaingia. Nafasi hujaa, kwa hiyo maombi yapelekwe sasa, siyo Agosti. Mwanao na mkewe ndio watakaojaza, wewe uwakumbushe. Mtoto akipata, asubuhi zako zinafunguka na Jumatano ya mkaza mwana inabaki yake. Mpaka hapo, angalia kijitabu chako vizuri: masomo hayako Jumatano tu, wana siku nyingine, na tangu 2020 mengine yanaendeshwa kwa Zoom. Theluji ikifika kiunoni utashukuru. Lakini msimu wa kwanza, kama unaweza, nenda kwa miguu yako. Ulichokililia kwenye kituo cha basi hakikuwa kwenye skrini.

Yule mama wa kwaya muache. Ana lake.

Na sasa uongo. Umeniandikia kana kwamba umeiba sadaka. Ulisema unakwenda mkutano wa akina mama, ukaenda kuketi na akina mama wengine. Hata hivyo najua kwa nini linakuuma: ulimfundisha mtoto yule kusema kweli kwa fimbo, na sasa mwenye fimbo ndiye aliyeteleza. Litoe mapema, kabla mtu wa kanisa hajalitoa kwa niaba yako, maana mikutano ya akina mama ina masikio.

Usilitoe mezani mbele ya wote. Nenda Jumatano, mwanao akiwa amelala, wewe na mkaza mwana wako jikoni. Usianze na chuo. Anza na siku yake. Mwambie maneno kama haya, kwa lugha yenu ya nyumbani: "Mwanangu, ile siku niliyosema nataka kwenda kusoma, nilitaja Jumatano bila kukuuliza, na Jumatano ni yako. Nimekosea. Tena nilishakwenda mara moja, nikasema niko kanisani. Nilidanganya, na niliona haya." Halafu nyamaza. Usiongeze sababu, usiongeze ndege wala Wagiriki. Muache ajibu. Anaweza kukasirika, anaweza kucheka, anaweza kukuambia siku gani inamfaa. Nahisi ndani yake kuna jambo la aina hiyohiyo analolitamani na hajapata mtu wa kumuuliza. Kama lipo, wewe ndiye mwalimu, utalijua hata akilisema kwa kuzunguka. Mkikubaliana ninyi wawili, mwanao mtamwambia pamoja, naye akiwa ameshashiba.

Ila kabla ya yote hayo, kesho asubuhi, kitoe kile kijitabu chini ya unga. Kipanguse, ukiweke mezani, pale mnapoweka bili za umeme.